UZEE SI UGONJWA: NENO KWA ANAYETAFUTA UJANA KWENYE CHUPA

 

Leo kabla sijafundisha, ninaanza na toba.

Mwaka jana, Jumapili moja baada ya ibada, nilimpa mgeni mmoja dakika tano mbele ya kanisa. Alikuwa amevaa vizuri, anaongea kwa upole, na alisema ana bidhaa za kurudisha ujana: mafuta ya usoni, matone ya kunywa asubuhi, na sabuni. Alitoa sadaka nzuri siku hiyo. Nilisimama kando yake nikitabasamu. Sikumuuliza amesomea nini. Sikumuuliza kile kikopo kina nini ndani.

Mama mmoja wa kanisa letu alinunua. Ni mama wa miaka hamsini na kitu, mchuma majani chai, na jua la shambani limemwandika usoni kama linavyotuandika sote. Wiki ya pili uso ukang'aa, makunyanzi yakawa kama yamelala. Tukamsifu. Mimi mwenyewe nilimwambia, "Mama, Bwana amekurudishia ujana kama wa tai!" Mwezi wa tatu ngozi ikaanza kuwaka akisimama karibu na jiko. Mishipa midogo myekundu ikatokea mashavuni, nywele zikaota kidevuni. Alipoacha kujipaka, uso ulivimba hata akakosa kuja kanisani kwa wiki kadhaa, na sisi tukadhani amerudi nyuma kiroho.

Daktari alipomwona aliomba kuona kikopo. Kilikuwa na picha ya msichana na maneno ya kusifu. Hakuna orodha ya vilivyomo, hakuna jina la kiwanda, hakuna tarehe. Alimwambia dalili hizo ni za mtu aliyejipaka dawa kali ya steroidi kwa muda mrefu bila kusimamiwa.

Nilipomtembelea, hakunilaumu. Alisema neno moja tu: "Pasta, mimi sikumwamini yule dada. Nilikuamini wewe uliyesimama kando yake."

Wapendwa, neno hilo halijaniacha mpaka leo. Kwa hiyo mama, na wengine wote mlionunua siku ile, naomba msamaha hadharani kwa sababu nilikosa hadharani.

SIWAHUKUMU WANAOJIPAMBA

Mnijue vizuri. Mimi si katika wale wanaomwita kila dada aliyejipaka mafuta Yezebeli. Biblia hiyo hiyo inatuonyesha Naomi, mama mkwe mcha Mungu, akimwagiza Ruthu aoge, ajipake mafuta na avae vizuri (Ruthu 3:3). Kutunza mwili si dhambi. Magokoro wangu aliyenilea alijipaka Arimis kila asubuhi, mafuta yale yale ya kukamulia ng'ombe, na aling'aa mpaka akazikwa.

Na wanaume msicheke. Tunajua ni nani hununua rangi nyeusi ya nywele mkutano wa injili ukikaribia. Mimi ni mmoja. Mvi zilipoanza kunitoka nilijipaka rangi usiku bila kusoma maagizo, na asubuhi macho yalikuwa yamevimba kama niliyeumwa na nyuki. Rangi nyingi nyeusi zina kemikali inayofupishwa PPD, ambayo miili ya watu wengine huikataa kabisa. Kule Sudan, ambako watu wamekuwa wakiichanganya kwa wingi na hina, hospitali zimepokea wagonjwa ambao koo limevimba hadi kushindwa kupumua. Ndiyo maana pakiti husema ujaribu kidogo kwanza kwenye ngozi, usubiri siku mbili. Nani kati yetu husubiri siku mbili?

Kwa hiyo swali langu leo ni hili: nani anayekutengeneza, na anatumia nini?

ESTA ALIKUWA NA HEGAI

Fungua Esta 2:12. Wasichana walioletwa kwa mfalme walitunzwa miezi 12, miezi sita kwa mafuta ya manemane na miezi sita kwa manukato na vitu vingine vya utunzaji. Sasa angalia jambo ambalo tunaliruka: Esta hakujitengeneza mwenyewe kwa kusikia maneno ya jirani. Alikuwa chini ya Hegai, mtu aliyewekwa kwa kazi hiyo, anayejulikana kwa jina, na ambaye angejibu mbele ya mfalme kama msichana angeharibika. Na mstari wa 15 unasema Esta hakutaka kitu chochote ila alichoshauriwa na Hegai.

Binti aliyekuwa anaelekea kuwa malkia alikubali kuongozwa na anayeijua kazi. Sisi tunamkabidhi uso wetu mtu ambaye hatujui hata anaishi wapi, kwa sababu ametuma picha mbili kwenye simu, moja ya "kabla" na moja ya "baada".

Hegai wako ni nani? Akiharibu, atajibu kwa nani? Kama huwezi kujibu maswali hayo mawili, funga pochi yako.

KILICHO NDANI YA KIKOPO

Nimekaa na wauguzi na daktari wa kanisa letu wanielimishe, nisije nikahubiri nisichokijua. Haya ndiyo nimeyaelewa.

Kwanza, steroidi. Ni dawa halali na nzuri daktari akiipima kwa ugonjwa fulani na kwa siku chache. Inabana mishipa ya damu na kutuliza uvimbe, ndiyo maana mwanzoni uso unaonekana laini na mweupe. Lakini ukiendelea, inapunguza unene wa ngozi. Yaani krimu uliyonunua ili usizeeke inaifanya ngozi yako iwe nyembamba na dhaifu kama ya mkongwe.

Pili, zebaki. Inazuia ngozi kutengeneza rangi yake, ndiyo maana wauzaji wa krimu za kung'arisha na kuondoa mabaka huipenda. Shirika la Afya Duniani limeonya kwamba inaharibu figo, inasumbua neva, na inaweza kuleta wasiwasi na huzuni nzito. Tena haiishii kwako. Inahamia kwenye taulo, kwenye mto, na kwa mtoto unayembeba shavu kwa shavu. Mataifa yalikubaliana mwaka 2013, katika Mkataba wa Minamata, kuiondoa sumu hii. Mkataba umepewa jina la mji wa Japani ambako watu wengi walilemaa na kufa kwa kula samaki wenye zebaki. Ukiona kwenye lebo neno "mercury", "mercurio" au "calomel", hiyo ni zebaki. Na kikopo kisicho na lebo kabisa kinatisha zaidi.

Tatu, haidrokwinoni. Daktari wa ngozi anaweza kukuandikia kwa kipimo na muda maalum. Ukiitumia ovyo kwa miaka, inaweza kuacha madoa ya bluu nyeusi ambayo ni vigumu sana kuyatoa. Shirika la viwango, KEBS, limeshapiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, steroidi na haidrokwinoni. Lakini mwajua soko letu. Kitu kinapigwa marufuku Nairobi na kinaonekana Keroka siku ya soko.

Nne, krimu za jamii ya vitamini A, kama tretinoini. Hizi zina faida ya kweli kwa makunyanzi, nisidanganye. Lakini zinaifanya ngozi ichomeke haraka na jua, na mama mjamzito anakatazwa. Muuzaji wa mtandaoni alikuuliza kama una mimba? Alikuuliza kama unachuma chai kutwa nzima, huku kwetu kwenye milima ambako jua ni kali kuliko bondeni?

Na sasa sindano zimeingia. Botox ni dawa inayotokana na sumu ya bakteria, mojawapo ya sumu kali kuliko zote zinazojulikana. Kwa kipimo kidogo sana na mkono uliofunzwa, inalegeza msuli na kunyoosha kunyanzi kwa miezi mitatu au minne hivi. Mkono usiofunzwa unaweza kuangusha kope la jicho, na sumu ikisambaa mtu anashindwa kumeza na hata kupumua. Mwaka 2024, Marekani yenyewe, watu waliugua kwa Botox bandia na serikali ikatoa tahadhari. Zile sindano za kujaza mashavu na midomo zikiingia kwenye mshipa wa damu zinaweza kumpofusha mtu. Kama Marekani bandia inapita, unafikiri chupa iliyoletwa kwa matatu ndani ya mkoba, bila barafu, ina nini?

Mwaka huo huo wa 2024, mama mmoja Nairobi alipoteza maisha baada ya upasuaji wa urembo, na baraza la madaktari, KMPDC, likakifunga kituo alikohudumiwa. Kwa hiyo hata jengo zuri na koti jeupe visikutoshe. Uliza leseni.

"LAKINI PASTA, NITALIOMBEA"

Najua wengine mtaniambia Marko 16:18, kwamba waaminio wakinywa kitu cha kufisha hakitawadhuru. Mpendwa, ahadi hiyo ni kwa anayetumwa na injili akakutana na hatari njiani. Si kibali cha kununua hatari kwa shilingi mia tatu. Shetani alimwambia Yesu ajitupe kutoka kwenye kinara cha hekalu, na alinukuu Maandiko vizuri sana. Yesu alikataa kumjaribu Bwana. Basi usijitupe halafu umwite Mungu akudake.

Tena Mungu wetu haoni haya kutumia waganga waliofunzwa. Hezekia alipougua aliomba akalia, Mungu akamjibu, na Isaya bado akaagiza wachukue mkate wa tini na kuuweka kwenye jipu (2 Wafalme 20). Paulo alisafiri na Luka, na katika Wakolosai 4:14 anamwita tabibu mpendwa. Maombi na matibabu ni ndugu. Wanaowagombanisha hawawajui wote wawili.

Mwingine atasema, "Pasta, daktari wa ngozi ni ghali, tena yuko mbali." Hapo una haki, sitakupinga. Mama wa Nyansiongo au Nyamache hawezi kuacha shamba kila wiki kupanga foleni mjini. Lakini anza karibu. Afisa wa kliniki kwenye zahanati yako anaweza kukutazama na kukuandikia barua ya kwenda hospitali ya rufaa, Kisii au Nyamira. Na fikiria hili: yale mabaka na uchovu unaouita uzee, wakati mwingine ni ugonjwa. Inaweza kuwa upungufu wa damu, kisukari, au tezi ya shingoni. Krimu inafunika dalili, na ugonjwa unaendelea chini yake kama moto chini ya majivu.

Na kuna yasiyo ghali. Kofia pana shambani. Usingizi. Maji. Kuacha sigara. Kupima presha. Hayo hayaji na picha ya kabla na baada, lakini hayajamchoma mtu uso.

Ndugu zetu wa Tabaka wanaochonga mawe wanajua siri hii. Jiwe hulainishwa kwa msasa na maji, polepole, na mchongaji anajua mahali pa kuacha. Mwanafunzi mwenye haraka husugua mpaka sikio la sanamu linakatika. Jiwe lingine lipo machimboni. Uso mwingine haupo.

KWA NINI TUNAOGOPA KUZEEKA?

Sasa nifike kwenye jeraha lenyewe, na mnivumilie.

Nilimuuliza yule mama, "Kwa nini ulitaka sana kuonekana kijana? Mume wako anakupenda, watoto wanakuheshimu." Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Pasta, wewe ni mwanamume. Hujui huku mwanamke akizeeka anaitwaje."

Ndugu zangu Abagusii, tunajua anaitwaje. Mei 2008 katika nchi yetu ya Kisii watu 11, wengi wao wakiwa kina mama wazee, walichomwa moto wakishutumiwa uchawi. Oktoba 2021, kule Marani, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa shutuma hiyo hiyo. Ushahidi ulikuwa gani? Macho mekundu ya mama aliyepikia kuni miaka hamsini. Makunyanzi. Kuishi peke yake. Kusahau njia usiku, jambo ambalo daktari angeliita ugonjwa wa ubongo wa uzeeni. Na mara nyingine nyuma ya shutuma kuna shamba ambalo mtu analitaka.

Mnaona? Miji mingine watu wanakimbia uzee kwa ajili ya majivuno. Huku kwetu wapo wanaoukimbia kwa hofu. Tumefanya uso wa mzee kuwa shtaka, halafu tunashangaa mama anajipaka sumu kuuficha.

Kwa hiyo kanisa haliwezi kuwaambia kina mama "acheni krimu" na kuishia hapo. Lazima tuifanye nchi hii kuwa mahali ambapo mtu anaweza kuzeeka salama. Mambo ya Walawi 19:32 inatuamuru tusimame mbele ya mwenye mvi na kumheshimu, na hapo hapo inataja kumcha Mungu. Amri hizo mbili zimefungwa pamoja. Anayemrushia mzee jiwe hamchi Mungu, hata kama anaongoza sifa. Mithali 16:31 inaita mvi taji. Kwenye Isaya 46:4 Bwana mwenyewe anaahidi kutubeba mpaka nywele ziwe nyeupe. Hajasema atatubeba mpaka tuanze kuzeeka, kisha atuteremshe.

Na kama unataka mfano wa mtu aliyezeeka bila haya, soma habari za Barzilai katika 2 Samweli 19. Mfalme Daudi alimwalika Yerusalemu ale mezani pake. Yule mzee alijibu waziwazi kwamba ana miaka 80, hasikii tena ladha ya chakula wala sauti za waimbaji, na hataki kuwa mzigo. Aende kijana badala yake. Hakujificha. Hakujipaka kitu. Na mfalme akambusu na kumbariki.

TUTAKAVYOFANYA

Kuanzia sasa, kwa kusanyiko letu:

1. Hakuna mtu atakayeuza dawa, matone, krimu wala sindano za kurudisha ujana kwenye uwanja wa kanisa, kwenye madhabahu, wala kwenye kundi letu la simu. Hata akiwa mshirika. Hata akitoa sadaka kubwa. Mkiona mimi nimemruhusu, nikumbusheni andiko hili mbele ya watu.

2. Kabla ya kutumia kitu, uliza: kinaitwa nani, kimetengenezwa wapi, kina nini ndani, kinaisha lini? Jibu moja likikosekana, kirudishe. Anayekudunga sindano, jina lake liwe kwenye orodha ya KMPDC. Duka la dawa liwe limesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu.

3. Kama umeshajipaka kitu kwa miezi, usikiache ghafla kwa hofu baada ya kusoma hapa, na usiendelee nacho kimyakimya. Beba kikopo chenyewe uende nacho zahanati. Steroidi zikiachwa ghafla uso unaweza kulipuka, kwa hiyo wakuongoze. Lakini ukiona uvimbe wa koo au macho, kushindwa kumeza au kupumua, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

4. Tunamsindikiza. Mwenye aibu ya kwenda peke yake aniambie mimi au mama mchungaji. Hatutauliza kwa nini ulinunua.

5. Kila mzee wa kijiji chako anayeishi peke yake, awe wa kanisa letu au la, atembelewe na vijana wetu. Mbebeeni kuni na maji, kaeni naye, mwacheni aongee. Jirani wakiona gari la kanisa kwa mlango wa magokoro, watafikiri mara mbili kabla ya kumpa jina baya.

Yule mama amerudi kanisani. Alama zingine bado ziko usoni. Jumapili iliyopita aliketi kiti cha mbele bila kitambaa cha kujifunika, na wasichana wa kwaya walipopita walisimama mmoja mmoja wakamsalimia kwa mikono miwili. Sikuwaagiza. Nikaona, hii ndiyo tiba ambayo hatukumpa mapema.

Tuombe. Bwana, utusamehe sisi wachungaji tuliouza imani ya kondoo wako. Ponya nyuso zilizochomeka. Wape madaktari na wauguzi wetu hekima na subira. Ulinde kila mzee usiku huu katika Kisii na Nyamira. Na utufundishe kuzeeka mbele zako bila hofu. Katika jina la Yesu, Amina.

Kama una mama, shangazi au dada anayejipaka kikopo kisicho na jina, msomee ujumbe huu kwa upole. Usimtumie tu. Msomee.

Mbarikiwe sana. Ndugu yenu na mchungaji wenu, mwenye mvi zake, na wiki hii hazijapakwa kitu.